Hita ya nini Malindi?

BARUA

Assalaam alaykum mzee wetu,

Nakuandikia kutoka Malindi, mtaa wa Maweni. Nauza mboga sokoni na nina watoto watatu. Marehemu mume wangu alituachia pikapu ya dizeli ya mwaka 1993, kabini moja, injini ya kizamani isiyojua kompyuta. Ndiyo inayotulisha. Dereva ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Kila Jumanne hupanda Wundanyi, kule milima ya Taita, na nazi, msimu wa embe huongeza embe, na Jumatano usiku hurudi na kabichi, karoti na nyanya.

Mwezi uliopita nilifuatana naye kwa sababu kuna mkulima tulikosana hesabu. Tukamaliza, tukapakia, tukaanza kuteremka magharibi imeshaingia. Kwenye zile kona za kushukia Mwatate kukawa na manyunyu na ukungu. Shemeji akavuta kitasa cha hita ili kioo kipate moto. Mzee, badala ya kutakata, kioo kikageuka maziwa. Nikafuta kwa ncha ya leso, kikazidi. Kikawa kinateleza kama kilichopakwa samli, na taa za lori lililokuwa likipanda zikatapakaa kioo kizima, sioni barabara sioni mtaro. Shemeji akatoa kichwa dirishani, akaendesha hivyo hivyo mpaka tukapata pa kusimama. Hapo ndipo nilipohisi tone la moto kwenye kidole cha mguu, maana nilivaa ndara, halafu jingine. Kapeti la upande wangu lilikuwa chepechepe. Na leso yangu ilinuka shira, wallahi, shira ya kaimati iliyoanza kuungua.

Tulipofika nyumbani nikainua mgongo wa kiti kutafuta kitambaa, nikakuta dumu la lita 5 limejaa maji. Nikamuuliza shemeji. Akasema ni miezi miwili sasa gari linapungua maji, na kila kabla ya safari anatia kama lita moja, ya kisima cha nyumbani kwao Mambrui. Hakuniambia kwa kuwa aliogopa nitasema ameiharibu gari ya ndugu yake. Nilikasirika, na mpaka leo tunazungumza kwa salamu tu.

Nimekwenda kwa mafundi wawili. Wa kwanza anataka shilingi 22,000 na siku mbili, eti dashibodi yote ishuke, rejeta ndogo ya hita iliyo ndani itolewe iwekwe nyingine. Wa pili alicheka. "Mama, hita ya nini Malindi? Watu wanatafuta barafu!" Yeye anataka shilingi 500 aunganishe mipira miwili, hita isahaulike. Jirani yangu naye ananiambia nisimpe mtu pesa, nitie vijiko viwili vya bizari kwenye rejeta, tundu litaziba.

Shemeji anataka ile kazi ya 22,000. Mimi naona anatafuta starehe yake kwa pesa za mayatima. Niambie mzee, nani mkweli hapa? AC ya gari hili ilikufa zamani, kama hilo linakusaidia.

Mama wa Maweni

JIBU

Waalaykum salaam, mwanangu, na pole kwa safari hiyo. Kona za kushukia Mwatate nazijua mchana kweupe. Usiku na kioo cha maziwa sizitaki.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natafuta neno moja tu: rangi. Umetaja harufu, umetaja utelezi, umetaja umoto, lakini hukusema maji ya kapetini yana rangi gani. Chukua tishu nyeupe, ibonyeze kwenye kapeti, itazame juani. Ikitoka na ukijani au wekundu, hata uliofifia kama majani ya chai yaliyorudiwa, hiyo ni kulanti, dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta. Ikitoka safi na haina harufu, basi kuna mvua inayopenya kwenye mpira wa kioo cha mbele na tunazungumza habari nyingine kabisa. Ila usionje. Najua mkono wa mpishi hauwezi kupita penye harufu ya shira bila kidole kwenda mdomoni. Utamu ule ni wa ethilini glaikoli iliyomo ndani ya kulanti, nayo ni sumu ya figo.

Umefanya vyema kutaja AC. Ingekuwa inafanya kazi ningekuuliza habari ya bomba lake la kutolea maji, kwa sababu hewa ya mwambao ina unyevu mwingi, AC huukamua na kuumwaga chini ya gari kwa kibomba chembamba. Nyigu wa udongo wanakipenda mno kile kibomba. Wakishajenga humo, maji hurudi ndani na kulowesha kapeti lile lile la abiria, na nimewajua watu waliobadilisha hita nzima iliyokuwa haina kosa lolote. Wanaosoma hapa wenye AC nzima waanze na kijiti cha fagio kwenye kibomba hicho kabla ya kumwita fundi.

Kwako wewe sina shaka kubwa. Mvua haidondoki ya moto. Nyuma ya dashibodi, ndani ya sanduku la plastiki, kuna rejeta ndogo yenye ukubwa wa daftari nene. Maji yale yale yanayopoza injini hupita humo, feni hupuliza hewa katikati yake, na hewa hutoka na joto. Sasa imetoboka. Shemeji alipofungua hita pale konani, feni ilichukua mvuke wa kulanti na kuutupa kiooni. Maji yakakauka, glaikoli ikabaki. Ndiyo samli uliyoifuta. Haitoki kwa kitambaa kikavu, inazidi kutandaa. Osha kioo kwa ndani kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, suuza, rudia tena kesho yake, maana kilichoganda kwenye matundu ya hewa kitatoka polepole.

Tuje kwa mafundi.

Huyo wa shilingi 500 hakukudanganya, na kazi yake ifanywe leo hii. Hita hupata maji kwa mipira miwili inayopita kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na kabini: mmoja huleta maji ya moto, mwingine huyarudisha. Ikichomolewa yote miwili ikaunganishwa wenyewe kwa wenyewe, maji yanairuka hita na kuendelea na mzunguko wake, na kapeti linakauka. Lakini msimamie. Aunganishe, asizibe. Nimeona watu wakichomeka bolti kwenye kila mpira na kukaza klipu. Injini nyingine huitegemea njia hiyo ya maji kusawazisha joto wakati thamostati, kile kilango kinachofungulia maji njia ya rejeta kubwa yakipata moto, bado imefunga, na bolti ikiruka njiani rejeta yote itamwagika kabla dereva hajaangalia geji. Kiungo kiwe kibomba cha shaba au cha chuma chenye unene wa kujaa ndani ya mpira (mingi ya mipira ya hita ina tundu la milimita 16 hivi), kisiwe kipande cha bomba la plastiki la mfereji. Maji yanayopita pale yana nyuzi 80 hadi 90 na yamo ndani ya shinikizo. Plastiki ya mfereji italegea kama mshumaa. Na mpira ukipindwa usivunjike kiuno.

Asikwambie pia kwamba inatosha kufunga koki ya hita. Kwenye pikapu nyingi za umri huo koki hufunga upande mmoja tu, wa kuingilia. Upande wa kurudi uko wazi, shinikizo linafika kwenye rejeta ndogo vile vile, na maji yanaendelea kudondoka hita ikiwa imefungwa. Ndiyo sababu shemeji yako alikuwa akitia maji hata wiki ambazo hakuigusa hita.

Ingekuwa gari hili halivuki Gede upande huu wala Gongoni upande ule, ningekwambia umalize hapo na shilingi zako 21,500 uzirudishe kwenye mboga. Lakini linapanda Wundanyi. Kule ni juu ya mita 1,300 kutoka baharini, na mwezi wa saba hata kuku anajikunyata. Kioo kinapoa, ndani mna watu wawili wanaopumua na nguo zenye manyunyu, unyevu wote unakimbilia kiooni. Kinachoukausha ni hewa kavu ya AC au hewa ya moto ya hita. AC imekufa, umesema mwenyewe. Kimebaki kimoja. Shemeji yako hakuomba kuota moto, mwanangu, aliomba kuona barabara. Fundi aliyekucheka alikuwa anafikiria Malindi, na hakukuuliza gari linakwenda wapi.

Kuna jambo jingine madereva wa milimani wanalijua. Gari likiwa na mzigo, gia ya pili, mlima hauishi, na sindano ya joto inapanda, unafungua hita mpaka mwisho na feni mpaka mwisho. Utatoka jasho la kukamua shati, lakini umeipa injini rejeta ya pili, na mara nyingi hiyo inatosha kukufikisha pa kusimama. Ukiikata hita, hilo pia umelikata.

Kwa hiyo unganisha leo kwa 500 ili gari liendelee kuchuma, na weka hita nyingine kabla baridi ya kule haijakolea. Katikati hapo, shemeji asishuke usiku.

Bizari. Ningependa kupita haraka lakini jirani yako si peke yake, nimesikia bizari, nimesikia yai, nimesikia hata ugoro. Kweli bizari huziba. Tabu ni kwamba haijui tundu ni lipi na njia ni ipi. Hutuama penye wembamba, na mirija ya hita na ya rejeta kubwa ni miongoni mwa njia nyembamba zaidi kwenye mzunguko wa maji. Utaziba tone moja la kapetini, halafu mwezi ujao gari lichemke Maungu jua la saa saba, na fundi akifungua rejeta akute pilau. Jirani mshukuru, bizari irudishe jikoni.

Sasa swali ambalo hukuniuliza, na ndilo ningeanza nalo ungenijia gereji: kwa nini imetoboka? Ukiweka mpya bila kujua hilo, mwakani utaniandikia tena.

Wewe umenipa jibu bila kujua. Kisima cha Mambrui. Nilitengeneza malori ya chumvi Gongoni kwa miaka mingi, na nitakwambia chumvi haina haraka lakini haipumziki. Maji ya visima vingi vya karibu na bahari yana chumvi, na chumvi ikichemshwa siku nzima ndani ya alumini au penye ungio la risasi inachimba vishimo kidogo kidogo. Kulanti nzuri ina dawa ya kuzuia kutu, lakini ukiongeza lita moja ya maji matupu kila wiki kwa wiki nane, kwenye mfumo wa lita 8 au 10, dawa hiyo imeshazimuliwa ikabaki jina. Kipimo unacho nyumbani: maji ambayo sabuni haishiki povu usiyatie kwenye rejeta. Sisemi shemeji ndiye aliyetoboa. Miaka zaidi ya 30 inatosha kutoboa chochote, na hujui wenye gari wa kwanza walitia nini. Ila tangu lianze kuvuja, tiba yake ilikuwa inalisha ugonjwa.

Tia maji yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke kisha kupozwa, yale ya chupa yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya betri. Hapo macho yawe wazi, maana rafu hiyo hiyo huwekwa tindikali ya betri na watu huziita zote mbili "maji ya betri". Soma chupa. Ukikosa, maji ya mvua ya bati safi, yaliyokingwa baada ya mvua kuosha bati kwanza, ni mazuri kuliko ya kisima chochote cha ufukweni.

Mtuhumiwa wa pili ni kifuniko cha rejeta. Juu yake kimeandikwa 0.9 au 1.1, hicho ni kiwango cha shinikizo ambacho kifuniko hufunguka chenyewe kupumua. Shinikizo hilo ni la makusudi, linafanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 120 badala ya 100. Springi ikishika kutu kifuniko hakipumui, na mahali dhaifu kuliko pote ndipo panapopasuka. Kifuniko ni bei ya kilo chache za nyanya. Nunua kipya chenye namba iliyo kwenye kitabu cha gari, usibahatishe kubwa zaidi.

Wa tatu ndiye ninayemwogopa kwa niaba yako, gasketi ya silinda hedi, ile bapa inayoziba kati ya kichwa cha injini na silinda. Ikipasuka, moto wa silinda husukuma hewa ndani ya maji, mipira inakuwa migumu kama jiwe, na rejeta ndogo inapasuka kwa kuwa ndiyo kongwe. Ukibadilisha hita hapo umetibu kidonda cha mgonjwa wa kisukari bila kupima sukari. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fundi afungue kifuniko, ajaze maji hadi shingoni, awashe. Viputo vichache mwanzoni si neno. Viputo visivyokoma, au maji yanayorushwa nje kila ukikanyaga mafuta, au mpira wa juu unaokuwa mgumu kabla injini haijapata moto, usinunue hita. Niandikie upya, itakuwa barua nyingine na bei nyingine. Kifuniko hicho kisifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto, hata shemeji akiwa na haraka ya soko. Mvuke wake unavua ngozi ya uso.

Tuseme gasketi ni nzima. Ile 22,000 inakwenda wapi? Spea yenyewe si kubwa hivyo, kinachokula pesa ni kazi ya kuifikia. Kwenye pikapu nyingine unatoa kisanduku cha mbele ya abiria na skrubu kadhaa, sanduku la hita linafunguka. Kwenye nyingine lazima dashibodi yote ishuke, na usukani uteremshwe kidogo. Kwa hiyo muulize fundi wa kwanza kama ameshawahi kuitoa kwenye gari la aina hii hii, na akuonyeshe kwa mkono wake ataanzia skrubu ipi. Akibabaika, si wako. Akijua, mwambie akutenganishie: spea shilingi ngapi, kazi ngapi, kulanti nani ananunua. Nashuku ukizitenganisha zitapungua zenyewe.

Spea utapewa njia tatu. Mpya, iliyotumika kutoka Japani, au ile ile yako kupelekwa kwa fundi wa rejeta aitie risasi. Kama ya kwenu ni ya shaba na inavuja shingoni kwenye kibomba au kwenye ungio la pembeni, kutia risasi ni halali na itadumu. Kama imetoboka kwenye mirija ya katikati, achana nayo, ukiziba hapa leo itatobokea pale kesho. Ukichukua iliyotumika, usikubali ifungwe kabla ya kupimwa. Izibwe kibomba kimoja, izamishwe kwenye karai la maji, ipulizwe taratibu kwa pampu ya mkono, kama fundi wa baiskeli anavyotafuta tundu la tyubu. Kiputo kimoja tu, irudi dukani. Kushusha dashibodi mara ya pili kwa ajili ya spea mbovu ni machozi, nimewahi kuyalia mwenyewe.

Siku ya kazi maji yamwagwe alfajiri, injini baridi. Lakini plastiki za dashibodi zing'olewe jua likishapanda na kabini imepata joto, kwa sababu plastiki ya miaka 30 ikiwa baridi hukatika kama kaukau, ikipata joto hupinda kidogo. Vishikio hivyo vikivunjika dashibodi itakuimbia taarabu mpaka Voi. Trei ya mayai isikosekane, kila skrubu kwenye shimo lake kwa mpangilio wa kutoka, na shemeji apige picha kwa simu kila hatua. Mipira ya zamani kwenye hita isinyongwe kwa koleo, vibomba vyake vinavunjika. Ichanwe kwa wembe kwa urefu, itupwe, inunuliwe mipya na klipu mpya. Pembeni ya rejeta ndogo kuna sponji iliyokwisha kuwa unga. Ibandikwe nyingine nzito, si ya godoro, la sivyo hewa itapita kando ya hita badala ya katikati na utasema umeuziwa mbovu. Na kabla sanduku halijafungwa koki ijaribiwe, ivutwe kwa waya wake kutoka ndani iende na kurudi. Koki za Malindi hukaa miaka bila kuguswa zikagandia.

Mfumo wote usafishwe kwa maji mpaka yatoke meupe, halafu utiwe kulanti na maji nusu kwa nusu. Kujaza kwenyewe ndiko wengi wanakokoseaga. Hewa hunasa kwenye hita, sindano inapanda, na fundi analaumu spea. Sehemu ya mbele ya gari iwe juu kuliko nyuma, na Malindi ni tambarare, kwa hiyo atapandisha magurudumu ya mbele kwenye mbao imara na kuzuia ya nyuma. Mawe ya matumbawe asiyatumie, yanapasuka ghafla. Kitasa cha hita kiwe kwenye moto. Ajaze polepole huku akiubonyeza bonyeza mpira wa juu, awashe, asubiri, aongeze, mpaka mipira yote miwili ya hita iwe ya moto mkononi. Mmoja moto na mwingine baridi, bado kuna hewa au uchafu. Halafu kesho yake asubuhi, injini baridi, atazame tena na kuongeza kilichopungua.

Na fundi akikwambia, "Mama, tuitoe na thamostati kabisa, hapa ni joto," mkatalie. Ugonjwa huu wa kutoa thamostati umeenea mwambao mzima. Thamostati hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na injini ya dizeli inataka kufika hapo haraka na kubaki hapo. Bila yake injini inatembea baridi, inakula mafuta, na kwenye injini nyingine inachemka zaidi kwa sababu maji yanapata njia ya mkato yasipite kwenye rejeta. Juu ya yote, hita yako mpya itapuliza vuguvugu kule Wundanyi, na utarudi kuniuliza.

Habari ya shemeji. Ni kweli alikosea kunyamaza, gari linalopungua maji si siri ya dereva. Lakini litazame dumu lile kwa jicho jingine. Kwa miezi miwili hakuna safari aliyokwenda bila kuhakikisha maji, na injini ya ndugu yake haijaungua. Madereva wangapi wangejali hivyo? Mwite jioni barazani, si sokoni mbele ya watu, na mama mkwe kama yupo awepo. Anza wewe, mwambie ulidhani anatafuta starehe na sasa umejua. Halafu mpe daftari. Kila asubuhi ya safari aandike maji yamepungua kiasi gani, hata kama ni sifuri, na wewe ulisome kila Alhamisi mnapofanya hesabu za mboga. Dumu libaki nyuma ya kiti, ila libadilishwe maji, na liandikwe kwa rangi lisije likanywewa.

Maji yatakayomwagwa kwenye gari yakingwe kwenye beseni na kuondolewa papo hapo. Usiyaache uani hata kwa muda wa swala moja. Paka watayaramba kwa ule utamu, na kidogo tu kinawaua, na una watoto. Na leso yako usiianike hivyo hivyo, iloweke usiku kucha kwenye maji mengi ndipo uifue kwa sabuni. Harufu ile haitoki kwa kufua mara moja.